Jina Ulilopewa Baada ya Mtama Mweupe

Kwako Musyoka, mwanangu,

Salamu tutapeana asubuhi mbele ya chai, kwa hiyo sitazitanguliza hapa. Mambo ya sweta, ya paspoti, na ya kutolala dirisha likiwa wazi katika nchi ya theluji, mama yako ameyasema na atayasema tena mpaka kituo cha basi. Mimi sina la kuongeza. Ninaandika jioni hii, kabla taa haijawashwa, kwa sababu Jumapili mama yako alikuuliza swali, ukanitazama mimi, nami nikajifanya ninafunga kamba za viatu.

Alikutaka uape kwamba utarudi. Alitaka uape kwa jina lako. Na mimi niliyetumia maisha yangu yote kuwafundisha watoto kujibu maswali kwa sentensi kamili nilikosa hata neno moja. Jibu langu ni hili ninaloliandika. Limekuwa refu kwa sababu halianzi na wewe. Linaanza na mtama.

Habari ya mtama mweupe unaijua kama kila mtu wa ukoo wetu anavyoijua, lakini umeisikia kwa wengine, na wengine huanzia kwenye msiba. Mimi nitaanzia mahali nilipokosea.

Wakati huo hatujahamia huku Emali. Tulikuwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Mutomo, nami nilikuwa mwalimu kijana mwenye suruali mbili na kiburi kingi. Nyanya yako, mama yangu, alikuwa bado ana nguvu za kulima. Mbegu zake alizitundika juu ya meko, zikiwa bado kwenye masuke yake, moshi ukazipaka weusi na wadudu wakazikimbia. Ulikuwa mtama mwekundu, wenye ukakasi unaokausha ulimi kama tunda bichi. Ndege walikuwa wakiuonja na kwenda zao. Kuupika kulikuwa kazi: kuukoboa, kuuosha, kuuosha tena. Ugali wake ulikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu.

Niliuonea haya ugali ule. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, wenzangu waliotoka sehemu zenye mvua walikula ugali mweupe kwao, nami nikajifunza kusema kwamba hata kwetu tunakula hivyo. Kwa hiyo bwana shamba alipofika na mifuko ya mtama mweupe, mimi ndiye niliyempa darasa langu akutane na akina mama, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake, maana hakujua Kikamba na wengi wao hawakujua Kiswahili.

Alikuwa mtu mwema. Kosa lake lilikuwa kwamba alisema "mbegu mzuri". Alisema "hii mtama". Kila alipovunja upatanisho nilijisikia kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu, nikawa nangojea kosa linalofuata badala ya kungojea maana. Alipofika mwisho alisema maneno ambayo ninayakumbuka pamoja na makosa yake yote:

"Hii mtama ndege inapenda sana. Hapana acha peke yake. Lazima mtoto akae."

Niliwageukia akina mama nikawaambia kwamba mgeni wetu anasema mtama huu unapendwa hata na ndege, na tena kwamba unakuja na mtoto wake, ila sikuona mtoto ndani ya mfuko. Walicheka mpaka wengine wakafuta macho kwa leso. Bwana shamba naye akacheka, akidhani ujumbe umefika.

Nyanya yako hakucheka. Alichukua punje moja, akaiweka kati ya meno ya mbele, akaivunja.

"Ni tamu," akasema. "Hii haitakosa wageni."

Kwenye mifuko ile yaliandikwa maneno mawili makubwa: MBEGU BORA. Nimelifundisha neno "bora" miaka yote ya ualimu wangu. Ni kivumishi kisichopokea kiambishi. Unasema mtu bora, kitu bora, mbegu bora. Halipatani na jina lolote, linabaki lilivyo popote unapoliweka. Nilikuwa nikiliandika ubaoni kama mfano. Haikunijia kuwauliza wanafunzi wangu, wala kujiuliza mwenyewe, bora kwa nani.

Tukapanda shamba zima. Nyanya yako alikataa kunibishia, lakini alipanda mstari wa mtama wake mwekundu kuzunguka shamba lote. Nilipomwuliza sababu alinijibu kwamba shamba ni la mwalimu, lakini mpaka ni wake.

Mvua ilikuwa ya kutosha mwaka ule, jambo ambalo watu husahau wanaposimulia. Mtama ulistawi. Masuke yalipoanza kujaa yalikuwa meupe kama meno, na watu waliopita njiani kwenda sokoni walisimama kuyatazama. Kisha kwelea wakaja, ndege wadogo kwa maelfu. Umewaona wakitua kwenye mashamba ya utafiti kule Kiboko, huhitaji nikueleze. Nikatambua, kwa kuchelewa, kwamba sentensi ile iliyokosewa ilikuwa sentensi kamili. Lazima mtoto akae.

Tukajenga dungu katikati ya shamba, jukwaa la miti lenye kimo cha kumwezesha mtu kuona pembe zote, na mimi, mwalimu, nikamtoa mtoto wangu darasani nikampandisha juu yake. Ndiye Mwikali, dada yako ambaye hukumwona. Mama yako alikuwa na kazi ya maji, ambayo siku hizo ilichukua asubuhi nzima. Nyanya yako alijitolea kukaa yeye, nikamwambia miguu yake haiwezi ngazi.

Nataka ujue kwamba Mwikali alilipenda dungu. Alikuwa na kombeo na rundo la madonge ya udongo, na aliwapa ndege majina ya wanafunzi waliokuwa wakimcheka shuleni. Ungemsikia kutoka barabarani: "Kavata, ondoka! Mumbua, nakuona, na tumbo lako!" Akiwaona wengi alisimama na kupaaza sauti, "Tokeni, ninyi nyote!" Wenzake wote wangesema "nyinyi wote". Yeye alifukuza hata ndege kwa sarufi sahihi. Nilipita pale jioni moja nikaisikia, nikaenda nyumbani nimefurahi.

Alikanyaga nyoka aliyekuwa amelala kwenye kivuli cha dungu, alipokuwa akishuka kunywa maji. Aliyekuja kuniita alikuwa jirani yetu mmoja. Alisimama mlangoni mwa darasa akaanza kusema bila kubisha hodi na bila salamu. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, nikiandika ubaoni. Nikamwambia asubiri nimalize sentensi.

Nikaimalizia, nikaweka nukta.

Tulimbeba kwenye blanketi kuelekea hospitali ya misheni pale Mutomo. Aliaga dunia kabla hatujafika barabara kuu. Wakati wa matanga hakuna aliyekwenda shambani, na tulipotoka kumzika, shamba lilikuwa limebaki mabua. Mstari wa nyanya yako peke yake ulikuwa umesimama kuzunguka uwanja mtupu. Mwaka mzima tuliula mtama ule mwekundu. Nyanya yako aliukoboa, akauosha, akausonga ugali, akaweka mbele yangu. Hakusema lolote, mpaka alipokufa hakusema lolote. Ningependa angesema.

Kisha ukazaliwa wewe. Ulikuwa na alama nyuma ya sikio la kushoto, na Mwikali naye alikuwa nayo. Wanawake waliokuwa chumbani waliiona, na mama yako alipoiona alisema neno moja tu: "Amerudi." Katika lugha yetu kurudi ni kusyoka, na kabla sijaruhusiwa kuingia ndani ulikuwa tayari Musyoka. Nyanya yako ndiye aliyelitamka jina mbele ya watu, kama ilivyo haki yake. Kanisani tulifundishwa kwamba wafu hawarudi kwa njia hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikisoma somo siku za Jumapili. Nilinyamaza. Mama yako alikuwa amekula chakula kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa.

Hilo silihesabu kuwa kosa. Kosa lilikuja polepole. Mama yako alipochoka, au alipotishwa na kitu, alikuita Mwikali. Ulikuwa hujaota meno yote. Ukaitika. Ulikua ukiitika. Nilikusikia mara nyingi ukiwa nyuma ya nyumba, unaitwa kwa jina la mtu mwingine, nawe unasema "Naam, mama" na kuja mbio. Mimi niliyemrekebishia chifu matangazo yake, niliyemrudishia mchungaji barua yake ya mwaliko ikiwa na mistari myekundu, niliyesimama makaburini nikamwambia fundi afute herufi moja kwenye msalaba wa mjomba wako, kosa hilo sikulirekebisha.

Nilifanya zaidi ya hapo. Nilikukataza kupanda mti, kuchunga mbuzi, kuingia shambani wakati wa mavuno. Ulilelewa kama yai. Na ulipoleta insha zako nyumbani nilikuambia, si mara moja, kwamba Mwikali asingekosea hapo. Ulikuwa mtoto mmoja, nami nilikudai kazi ya watoto wawili.

Nilidhani nilikuwa nimejifunza kitu kutokana na mtama. Sikuwa nimejifunza. Unakumbuka barua uliyotuandikia ulipoanza kazi Kiboko, mwaka wako wa kwanza kule. Uliandika, "Baba, tangu juzi nasikia mgonjwa." Watu wengi wa bara husema hivyo. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Unamsikia mgonjwa yupi?" Nikaitia barua yako katika bahasha nyingine nikairudisha posta. Nilitembea kutoka posta nikitabasamu.

Siku kadhaa baadaye mama yako aliponiuliza umeandika nini, nikamtajia kwa kichwa, pamoja na maoni yangu.  Hakuniomba ruhusa wala nauli. Alipanda lori la vitunguu pale barabarani akakukuta umelala, malaria imekumaliza, na barua yako mwenyewe imekufikia kabla yake. Aliporudi niliuliza hali yako, akanijibu akiwa anavua kitambaa cha kichwa.

"Amelisoma swali lako," akasema. "Alicheka. Kisha akageukia ukutani."

Tangu siku hiyo sijagusa kalamu nyekundu. Hilo hukulijua. Ulidhani macho yameniharibikia.

Sasa nifike kwenye Krismasi iliyopita, kwa sababu hapo ndipo swali la Jumapili lilipozaliwa. Ulitaka tuelewe unachokwenda kusoma. Ukaweka punje za mtama kwenye sinia, nyekundu upande huu na nyeupe upande ule, ukatuambia kwamba ukizioza hizi mbili moja kwa nyingine, kama bibi na bwana, watoto wao wote watakuwa wekundu, na mtu asiyejua atasema weupe umekufa. Haujakufa, ukasema, umejificha. Ukiwapanda wale watoto, katika wajukuu utauona weupe tena. Ulikuwa unazisogeza punje kwa kidole, na uso wako ulikuwa na furaha ambayo sijaiona ukiwa mezani kwangu.

Mama yako alikuwa ameacha kuchambua mchele.

"Kwa hiyo inarudi," akasema.

Ulinyanyua macho. Nadhani ulielewa papo hapo alikuwa anauliza nini, na ungeweza kumjibu kwa uongo mdogo, sisi sote tungeukubali. "Inarudi, mama," ukasema. "Lakini si ile. Ni nyingine iliyobeba rangi yake."

Alilichukua sinia, akatoka nalo nje, tukasikia kuku wakikimbilia punje zako.

Ulibaki na mimi. Kwa kuwa hapakuwa na mbegu tena, ulichukua uzi kutoka kwenye kikapu cha kushonea. Ukanieleza habari ya kitani, mmea wenye maua ya buluu ambao nguo zake nilizisoma katika Biblia bila kujua kwamba mbegu zake hukamuliwa mafuta. Ukasema kuna mbegu za kitani za njano na za kahawia, zenye mafuta mengi na zenye mafuta machache, mafuta yanayochacha upesi na yanayokaa, na kwamba kazi yako itakuwa kutafuta kila sifa inakaa sehemu gani ya uzi wa urithi, na kuichorea ramani. Nikakuambia ramani ni ya nchi, mbegu haina ramani.

"Baba," ukasema, "nisikilize kwanza. Halafu unirekebishe."

Nikasikiliza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Ulifunga mafundo mawili karibu karibu kwenye uzi, ukanipa niushike. Ukasema sifa zinazokaa jirani husafiri pamoja. Ukivuta fundo hili, lile la pili linakuja, hata kama hukulitaka, hata kama hukujua kwamba lipo. Wapo waliochagua mbegu kwa ajili ya rangi, wakaja kugundua baadaye kwamba wamechagua na jambo jingine.

Uliendelea kusema, nami nilikuwa nimeshika uzi wako lakini nilikuwa Mutomo. Tulichagua weupe. Utamu ukaja na weupe, ndege wakaja nyuma ya utamu, na mtoto akawekwa mbele ya ndege. Nilikuwa nimeishi na jambo hilo tangu ujana wangu bila kupata mtu wa kunionyesha lilivyofungwa.

Nilikuuliza kwa nini uende mbali kusoma mmea ambao hakuna mtu wa Kitui wala wa Makueni aliyewahi kuupanda. Ukasema profesa aliyekubali kukupokea anashughulika na kitani, na njia ya kuchora ni ile ile kwa mbegu yoyote. Kisha ukasema kwa sauti ya chini, ukitazama mlango aliotokea mama yako, kwamba siku moja ungetaka kujua ukakasi wa mtama unakaa wapi, na kama unaweza kufunguliwa kutoka kwa mambo uliyofungwa nayo. Mtama ambao ndege hawautaki shambani na watu wanautaka chunguni. Hukumtaja Mwikali. Hukuwa na haja.

Sitakuambia namna ya kuishi huko. Sipajui, na mtu asiyepajua mahali hana amri ya kutoa. Nitakuomba jambo moja katika kazi yako. Utakapokaa na wenzako na mmoja wao akasema kwamba mbegu fulani ni bora, uliza ni nani atakayekaa juu ya dungu. Uliza hata kama utacheka peke yako kwa kukumbuka, hata kama wao hawajui dungu ni nini. Na mtu akikuambia jambo kwa lugha iliyovunjika, sikiliza mpaka mwisho. Huenda ndiye peke yake mwenye habari.

Sasa swali la mama yako. Anataka kiapo kwa sababu anakijua kifua changu, na anaisikia sauti kinayoitoa ninapopanda ngazi ya kanisa. Inawezekana kabisa mimi na wewe tutaagana kesho bila kuonana tena. Nimelisema hili waziwazi ili lisikukute barabarani kwenye simu ya mtu mwingine. Kama utarudi kwa sababu umewatamani watu wako, au kwa sababu ya mtama, au kwa sababu theluji imekushinda, rudi, na hii ni nyumba yako. Kama nchi ile itakushika, nitaumia, na sitajifanya siumii. Lakini usirudi kwa sababu ya jina. Jina hilo lilikuwa mahitaji yetu sisi, siku ambayo wewe hukuwa na hata uwezo wa kuinua kichwa. Hukurudi kutoka popote. Ulikuja. Kwa mara ya kwanza, kama mtu yeyote.

Siwezi kumwambia mama yako maneno haya. Nimejaribu tangu Krismasi. Kila nikianza, ananiuliza kama nimekunywa dawa.

Barua hii sijaisoma tena baada ya kuiandika, na sitaisoma. Ukiona kosa, liache mahali pake.

Kesho pale Emali tutakuwa sote watatu kando ya barabara, pamoja na mizigo yako na wauza matunda, na basi la Nairobi halitasimama kwa muda mrefu. Mama yako atajikaza mpaka utakapoweka mguu kwenye ngazi. Hapo ataita. Ninamjua kuliko unavyomjua, na ninajua ni jina gani litakalomtoka mdomoni. Usiitike, mwanangu. Usigeuke. Panda, utafute kiti, uketi.

Mimi nitakuwa nimesimama kando yake. Mimi nitaitika.

Baba yako